Sifa ya Kuoza

Katika maneno ya Kiswahili yaliyonyimwa heshima, neno kuoza limo katika safu ya kwanza. Samaki mmoja akioza, walisema wahenga, huoza wote; na mtu akitaka kumtukana mwenziwe bila ya kuinua sauti, humwambia kuwa tabia yake imeoza. Jino likioza hung'olewa, boriti ikioza nyumba huhamwa, na tunda lililooza hutengwa na matunda mengine upesi. Hapana mfanyabiashara aliyepata kuandika neno hilo juu ya mlango wa duka lake. Walakini lugha hiyo hiyo ina neno la pili lenye umbo lile lile: kuoza ni kumpa binti mume, ni kumtoa katika nyumba moja ili aanzishe nyumba nyingine. Wanafunzi wa sarufi hufundishwa kuwa maneno haya mawili hayana udugu ila wa sauti, na mafundisho hayo ni ya kweli. Hata hivyo, mtu akipanda milima ya Mbinga mvua za masika zinapoelekea kwisha, akatazama kazi inayofanywa huko kwa majani makavu na jembe, atakiri kwamba kuoza kule kunakodharauliwa nako ni kutoka nyumba moja na kuanzisha nyingine.

Umatengo ni nchi ya milima iliyo kusini-magharibi mwa Tanzania, katika Mkoa wa Ruvuma, na miinuko yake mingi hupita mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mteremko ni mkali, mvua ni nyingi, na udongo usiofungwa kwa mizizi huteremka mtoni pamoja na maji kabla mwenye shamba hajamaliza kulalamika. Katika karne ya 19 Wamatengo waliposongwa na vita vya Wangoni walijikusanya katika milima ya Litembo na mahali pengine palipokuwa na mapango na ngome za mawe. Watu wakawa wengi, na ardhi ikawa chache na ya kuinama. Kuhama kila baada ya miaka michache, kama walivyofanya wakulima wengi wa misitu ya miombo, kulikuwa hakuwezekani. Ilibidi shamba lile lile liwalishe watu mwaka baada ya mwaka. Haja hiyo ndiyo iliyokuza ukulima uitwao ngolo, ambao wengine huutamka ngoro.

Kazi ya ngolo huanza kwa kuua na hukoma kwa kuzaa. Mwanamume hufyeka majani marefu yaliyoota shambani, akayaacha yakauke kwa siku kadhaa, kisha akayapanga kwa mistari inayokatana, hata mlima mzima ukaonekana kama jamvi lililofumwa miraba miraba. Kila mraba huwa na upana wa mita moja na nusu au mbili. Ndipo mwanamke anapoingia na jembe. Huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuutupa juu ya majani yaliyopangwa, pande zote nne. Katikati hubaki shimo, na kandokando huinuka matuta yenye majani tumboni mwake. Juu ya matuta hayo hupandwa maharagwe. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Huanguka shimoni, hutulia, huacha huko udongo yaliouchukua, kisha hunywewa na ardhi polepole. Msimu unaofuata mahindi hupandwa pale palipokuwa maharagwe, na magugu yanayong'olewa hutupwa shimoni nayo yakaoze. Mzunguko ukitimia, shamba hufyekwa upya, na pale palipokuwa na shimo huwa tuta, na pale palipokuwa na tuta huwa shimo. Hivyo hakuna sehemu ya shamba inayotoa daima, wala sehemu inayopokea daima.

Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, waliuchunguza ukulima huu katika miaka ya 1990, na dunia ya wasomi ikajua yale ambayo mabibi wa Umatengo waliyajua kwa mikono. Jambo moja katika hayo lastahili kuelezwa kwa kituo. Majani makavu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Vijidudu vinavyoyala huhitaji naitrojeni ili vijenge miili yao, na visipoipata katika majani huinyang'anya katika udongo. Kwa hiyo mmea unaopandwa juu ya majani makavu ambayo bado hayajaoza waweza kufa njaa karibu na chakula. Lakini maharagwe hayaombi naitrojeni ya udongo peke yake. Mizizi yake ina vinundu, na katika vinundu mna bakteria wanaoivuta naitrojeni kutoka hewani. Maharagwe hujitegemea katika miezi ile ambayo majani yangali yanabishana na vijidudu, na mahindi, ambayo ni mlaji mkubwa, huja baadaye, karamu ikiwa tayari. Hapana kitabu cha kemia kilichoupanga utaratibu huo. Ulipangwa na watu waliotazama, wakakosa, wakatazama tena, kwa vizazi.

Ukulima huo wote umesimama juu ya imani moja, nayo ni kwamba majani yataoza. Kama yangekataa kuoza, ngolo ingekuwa kaburi la taka. Matuta yangejaa vitu vilivyokaa tu, na mkulima angekuwa amejichosha bure kuvifukia. Jani la mlimani limejengwa kwa selulosi, nao ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana mkono, maelfu kwa maelfu. Mnyororo huo ni imara hata huweza kusimamisha mti mbele ya tufani. Lakini vifundo vyake vinajulikana. Ukungu unavijua, bakteria wanavijua, na mchwa amewakaribisha tumboni mwake viumbe wadogo wanaovijua. Nguvu ya kiumbe haikuzuia mwisho wake, kwa sababu tangu siku ya kuumbwa kwake walikuwapo wenye ufunguo wa kumfungua.

Si mbali na mashamba hayo, katika wilaya ile ile ya Mbinga, pana mahali ambapo majani yalikataa kuoza, na watu sasa huyachimba. Ni Ngaka, katika bonde la mto Ruhuhu na vijito vyake, ambako uchimbaji mkubwa wa makaa ya mawe ulianza mwaka wa 2011. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, Afrika ilipokuwa bado imeungana na India na Antaktika, bonde hilo lilikuwa nchi ya mabwawa. Miti ilianguka katika maji yasiyokuwa na hewa ya kutosha, vijidudu vikashindwa kuimaliza, matope yakaifunika, na uzito wa miaka ukaigeuza jiwe jeusi. Makaa ya mawe ni deni ambalo halikulipwa siku yake. Mafuta ya petroli na gesi yana habari ya namna hiyo hiyo, isipokuwa kwamba hayo kwa sehemu kubwa yametokana na viumbe wadogo wa majini waliozikwa kabla ya kuliwa. Mtu anayetazama kilima cha ngolo asubuhi na machimbo ya Ngaka jioni ameona njia mbili ambazo uhai waweza kushika baada ya kufa: moja huzunguka kwa misimu miwili, ya pili hulala kwa muda usiohesabika.

Plastiki ya kawaida ni mtoto wa njia hii ya pili. Hutengenezwa kwa mafuta na gesi, yaani kwa viumbe waliokwisha kukataa kuoza mara moja. Nao wakigeuzwa mfuko hukataa mara ya pili. Walakini plastiki haikuanza hivyo. Mwaka wa 1869 hivi, John Wesley Hyatt wa Marekani alitafuta kitu cha kushika mahali pa pembe za ndovu katika mipira ya biliadi, na pembe hizo kwa wingi zilitoka Afrika ya Mashariki kwa misafara iliyoishia Kilwa, Bagamoyo na Unguja. Akafanikiwa kutengeneza seluloidi, na asili yake ilikuwa selulosi ya pamba iliyochanganywa na kafuri. Kwa hiyo plastiki iliyotangulia kupata soko ilitokana na mimea. Mwaka wa 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alitengeneza bakelaiti, ambayo haikutokana na selulosi ya mmea. Polithini ikagunduliwa Uingereza mwaka wa 1933, na nailoni Marekani mwaka wa 1935. Tangu hapo kiwanda kiliacha kuomba ruhusa ya shamba.

Kiswahili kiliyapokea mambo haya kwa namna inayostahili kutazamwa na wanafunzi wake. Zamani sandarusi lilikuwa jina la utomvu mgumu, wa rangi ya asali, uliochimbwa ardhini katika pwani ya Tanganyika, mahali palipokuwa na miti iliyokwisha kufa zamani. Biashara yake ilikuwa kubwa, na kutoka Unguja ulipelekwa Salem na Hamburg kutengenezewa vanishi. Leo mtu akitaja mfuko wa sandarusi anataja gunia la plastiki iliyofumwa. Kiriba nacho kilikuwa mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Leo viriba ni vile vifuko vya plastiki nyeusi vinavyooteshewa miche, na katika vitalu vya kahawa vya Mbinga hapana neno linalotajwa zaidi ya hilo. Utomvu na ngozi vimeacha majina yao kwa kitu kisichokuwa utomvu wala ngozi. Maneno yamerithi mali, lakini hayakurithi tabia: kiriba cha zamani kilipochakaa kiliwarudia mchwa, na kiriba cha sasa kikipasuka humrudia mwenye shamba kila alimapo.

Wala si majina tu yaliyobadilika mikono. Katani, iliyoletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka wa 1893, ilikua hata nchi ikatoa kama tani 230,000 katika mwaka wa 1964, na kamba zake zilifunga mizigo ya dunia. Mwishoni mwa karne mavuno hayo yalibaki kama sehemu moja kwa kumi. Sababu hazikuwa moja, lakini kubwa kati yake ilikuwa kamba ya plastiki, ambayo ilikuwa rahisi na haikuoza. Mnunuzi aliihesabu sifa hiyo kuwa faida. Hakuna aliyeandika katika hesabu zake gharama ya kamba hiyo baada ya kukatika.

Kisa cha plastiki kutooza ni chepesi kueleza. Mnyororo wa polithini ni kaboni iliyoshikana na kaboni, bila ya kifundo ambacho vijidudu vimezoea kukishika. Kwa mamilioni ya miaka ukungu na bakteria walijifunza kufungua selulosi, wanga, pembe, nywele na nta, lakini polithini ni mgeni wa juzi. Jua huivunja vipande, na vipande huvunjika kuwa vumbi, lakini kuvunjika si kuoza. Kitu kilichooza kimekuwa kitu kingine; kitu kilichovunjika ni kile kile katika sehemu nyingi. Mwaka wa 2017 Roland Geyer na wenzake walikadiria kwamba wanadamu, hata kufika mwaka wa 2015, walikuwa wametengeneza tani milioni 8,300 za plastiki. Milioni 6,300 katika hizo zilikuwa zimekwisha kuwa taka, na katika kila mia ya taka hizo, tisa tu ndizo zilizotengenezwa upya, kumi na mbili zilichomwa, na sabini na tisa zilibaki majalalani au zilitapakaa duniani.

Maji ya Umatengo yateremkayo magharibi huishia Ziwa Nyasa, na njia ya maji ndiyo njia ya taka. Wilaya ya Nyasa, iliyotengwa na Mbinga mwaka wa 2012, ina pwani ya mchanga na mawe ambako Lituhi, Liuli na Mbamba Bay huishi kwa samaki na muhogo. Huko kuna historia nyingine ya kuoza. David Livingstone, aliyefika ziwani mwaka wa 1859, aliandika habari za uzi wa bwazi uliotumiwa na watu wa nchi za Shire na Nyasa kufumia nyavu. Uzi wa gome, na baadaye wa pamba, ulimtaka mvuvi auanike, auponye kwa maji ya magome, aushone, na mwisho autupe. Mvuvi alikuwa mtumwa wa kuoza. Nailoni ilipokuja ilimkomboa, na mtu ambaye hajapata kushona wavu uliooza usiku wa kuamkia mwezi mzuri wa usipa hana haki ya kuucheka ukombozi huo. Lakini wavu wa bwazi uliopotea majini uliacha kuvua baada ya muda mfupi. Wavu wa nailoni uliopotea huendelea kuvua bila ya mwenyewe. Humkamata mbasa na kumwoza pale pale, na mzoga wake huwa chambo cha kumwita mwingine. Wavu wenyewe hauozi.

Tena Ziwa Nyasa si chombo cha kawaida cha kutupia kitu. Kina chake hufika mita 700 hivi, na baada ya mita mia mbili na kitu oksijeni hupungua hata ikaisha kabisa. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu ila kwa uchache na kwa uvivu, na sehemu kubwa ya maji ya ziwa hutoka kwa kupaa hewani, kidogo tu hushuka kwa mto Shire. Kwa kuwa chini hapana hewa, hapana mdudu wa kuchimba matope. Kila mwaka huweka tabaka lake juu ya la mwaka uliotangulia, na matabaka hayo hayavurugwi. Mwaka wa 2005 wataalamu walitoboa chini ya ziwa hilo, wakatoa matope ambayo yalisomeka kama kitabu cha tabia ya nchi ya miaka zaidi ya milioni moja. Ukame umeandikwa humo, na mvua zimeandikwa humo. Basi kizazi hiki nacho kitaandikwa. Vipande vya mifuko, nyuzi za nyavu na visoli vya ndala vitakavyozama vitalala katika giza lisilo na hewa, baridi yake haibadiliki, na hapana mlaji atakayekuja. Mabwawa ya kale ya Ruhuhu yamepata mrithi.

Dola hazikulala usingizi kabisa. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki mwaka wa 2006, Rwanda mwaka wa 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikaiondoa sokoni mifuko ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Mifuko iliyoitwa Rambo ikatoweka katika masoko, na mitaro ikapumua. Hapana haja ya kuipunguzia sheria hiyo sifa yake. Lakini mwanafunzi wa lugha hana budi kulitazama neno lililofuata, neno mbadala. Mifuko mingi iliyokuja kuitwa mbadala ina sura ya kitambaa, na mkono ukiigusa hudanganyika. Kumbe imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Ni minene zaidi na hutumika mara nyingi, na hiyo ni faida ya kweli. Walakini haikuingia katika mzunguko wa udongo. Ilibadilishwa nguo, haikubadilishwa mwenendo.

Katika hali hiyo plastiki za mimea zimekuja na ahadi kubwa. Sukari ya mahindi au ya miwa huchachuliwa, ikatoa asidi, na asidi ikaungwa kuwa mnyororo uitwao asidi ya polilaktiki, ambao hutoa vikombe, sahani na mifuko. Wanga wa muhogo nao waweza kutoa mfuko. Nyingine hutengenezwa na bakteria wenyewe: Maurice Lemoigne, Mfaransa, aligundua mwaka wa 1926 kwamba bakteria fulani huweka akiba ndani ya mwili wao kama mkulima awekavyo ghalani, na akiba hiyo ni plastiki. Na kwa kuwa ni chakula cha akiba, bakteria wengine huijua na huila. Plastiki zote za namna hizi kwa pamoja bado hazijafika sehemu moja katika mia ya plastiki inayotengenezwa duniani kila mwaka, ambayo hupita tani milioni 400.

Lakini ahadi yataka kuchunguzwa, na uchunguzi wake huanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo matangazo ya biashara huyachanganya: asili ya kitu na hatima yake. Kitu chaweza kutoka shambani na kisiweze kurudi shambani. Brazili hutengenezwa polithini kwa miwa. Mnyororo wake ni ule ule wa polithini ya mafuta, na udongo hauoni tofauti. Kinyume chake, zipo plastiki zilizotokana na mafuta ambazo vijidudu huweza kuzila. Basi nasaba njema haitoshi, kama isivyotosha kwa wanadamu. Tena neno kuoza lenyewe halina maana mpaka litajwe mahali. Asidi ya polilaktiki huoza vizuri katika kiwanda cha mboji chenye joto la digrii 60 hivi. Udongo wa Mbinga, nchi ya baridi na ukungu, haufikii joto hilo hata siku moja, na kilindi cha Ziwa Nyasa, ambacho hakina hewa wala joto, hakilikaribii. Kikombe kitakachoitwa rafiki wa mazingira katika mji wenye kiwanda hicho, kikitupwa Mbinga kitakaa kama kikombe kingine chochote.

Jaribio moja latosha kuwa ushahidi. Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walifukia mifuko ya namna mbalimbali ardhini, wakaitosa mingine baharini, na nyingine wakaitundika hewani. Walitangaza matokeo mwaka wa 2019. Mfuko ulioandikwa kuwa huoza, baada ya miaka mitatu ya kukaa ardhini au baharini, ulikuwa bado waweza kubeba vitu vya sokoni. Mfuko ulioandikwa kuwa wafaa kwa mboji ulitoweka baharini katika miezi mitatu, lakini ardhini ulikuwapo hata baada ya miezi 27, ingawa haukuweza tena kubeba uzito. Maandishi juu ya mfuko, basi, si ahadi ya udongo. Ni ahadi ya mwenye kiwanda, naye hakai katika udongo huo.

Kuna swali la pili, nalo ni la tumbo. Mahindi na muhogo ni malighafi kwa mwenye kiwanda, lakini katika milima ya Mbinga mahindi ni ugali, na katika pwani ya Nyasa muhogo ndio uhai wa mwaka mzima. Mfuko unaobeba unga si lazima utengenezwe kwa unga. Nchi yenye maganda ya kahawa, mabaki ya katani, majani ya migomba na makapi ya miwa ina kitu cha kutosha kujaribia kabla haijagusa chungu cha mtu. Na palipo na hekima, majaribio yangeanza pale ambapo kuoza ni faida iliyo wazi: katika viriba vya miche. Kiriba cha plastiki hukaa kitaluni miezi michache, kisha sharti kichanwe ili mizizi ipate njia, na kinachobaki hutupwa au huchomwa. Kiriba kilichotengenezwa kwa gome la mgomba, au kwa kitu ambacho vijidudu vya udongo ule ule vinakijua, chaweza kupandwa pamoja na mche na kuwa chakula chake cha kwanza. Hiyo ingekuwa ngolo ndogo katika kila shimo la kahawa.

Yafaa haki itendeke kwa plastiki pia. Ndoo nyepesi imepunguza uzito juu ya vichwa vya wanawake wanaopanda milima na maji. Mabomba yake yameleta maji karibu na nyumba. Sindano safi na mifuko ya damu hospitalini imeokoa wengi. Kudumu si kosa. Nyumba itakiwe idumu, na bomba litakiwe lidumu, kama chuma na jiwe vinavyotakiwa vidumu. Kosa ni kukipa kitu cha robo saa maisha ya karne kadhaa. Ni kumfungia mnunuzi maandazi manne kwa kitu kitakachoishi kuliko mpishi, mnunuzi na wajukuu wao wote. Kila kitu na kipewe umri unaolingana na kazi yake, na zaidi ya hapo ni dhuluma kwa watakaokuja.

Wala ngolo yenyewe isisifiwe kama kitu kisicho na jeraha. Kazi yake ni nzito, na uzito wa jembe huangukia mgongo wa mwanamke zaidi. Kahawa, iliyoingia Umatengo katika siku za ukoloni, imekula ardhi na muda. Vijana huhesabu saa za kuchimba mashimo, wakazilinganisha na faida, na wengi huchagua kulima matuta ya kawaida kwa mbolea ya dukani. Hawalaumiwi kwa kutaka kupumzika. Zaidi ya hayo, kila gunia la kahawa linaloshuka kutoka Mbinga huondoka na sehemu ya mlima, na walionunua kahawa Ulaya na Japani hawarudishi masimbi yake. Biashara imeufungua mzunguko ambao jembe lilikuwa limeufunga, na mbolea inayorudi huja katika mfuko wa sandarusi. Hilo si jambo la kumwachia mkulima peke yake alitatue.

Lakini ujuzi ulio katika ngolo ukipotea, hautapotea peke yake. Pamoja nao litapotea swali ambalo kila tuta liliuliza kabla ya kufunikwa, na ambalo wenye viwanda hawajazoea kuliuliza: kitu hiki kikilazwa hapa, katika udongo huu, kwa joto hili na mvua hizi, ni nani atakayekipokea? Bibi wa Kimatengo hakujua majina ya bakteria, lakini alijua kuwa wapo wanaosubiri, na aliwapangia karamu yao kwa miraba iliyo sawa. Mtaalamu wa maabara anawajua kwa majina. Kilichobaki ni kuwahesabu kuwa wenyeji, na kutotuma kwao mgeni wasiyeweza kumpokea. Siku plastiki ya mimea itakapojaribiwa kwanza katika tuta la Litembo na katika mchanga wa Liuli, kabla haijasifiwa sokoni, ndipo jina lake litakapostahili kuaminiwa. Hata siku hiyo ifike, jani kavu la mlimani, lisilo na tangazo wala alama ya ubora, litabaki kuwa mwalimu wa somo hili, nalo hufundisha kila mwaka mvua zinapopungua.